Halipulizwi, Linaimbwa

"Babu, halipulizwi hilo. Linaimbwa."

Aliyeniambia maneno hayo ni mtoto wa kike ambaye meno yake ya mbele bado hayajaota upya. Mkono mmoja alishika kipande cha muhogo wa kuchoma, mwingine ulikuwa kiunoni, na alisema kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuelekeza wageni. Ilikuwa Jumapili iliyopita, uwanja wa shule moja pale Bombambili, hapa Songea, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Kwanza kabisa, mimi si babu. Mvi nilizonazo zimekaa upande mmoja tu, na zililetwa na mkopo, si umri. Pili, mpaka ananisahihisha nilikuwa nimeshapuliza mara mbili.

Watu walicheka kwa zamu. Walianza wa mbele, walioona kwa macho. Wakafuata wa nyuma, waliosimuliwa. Halafu wa mbele wakaanza upya kwa kusikia wa nyuma wanavyocheka. Mtani wangu wa Kihehe, niliyekwenda naye mwenyewe kwa nauli yangu, aliinama akashika magoti, akainuka, akanitazama, akainama tena. Babu zetu walichinjana, sisi tumebaki na haki ya kuchekana, na siku ile aliitumia haki hiyo mpaka ikabaki tupu.

Ilikuwa hivi. Kikundi kilichokuwa uwanjani ni cha mganda, ngoma ya watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ya sare nyeupe na hatua za kijeshi. Wana desturi yao: kati ya wimbo na wimbo Kapteni hupita mbele ya watazamaji na kumkabidhi mgeni mmoja chombo, kwa heshima. Nami nilikuwa nimetoka kwenye kipaimara cha mtoto wa shemeji, nimevaa suti na tai, nimekaa kiti cha mbele. Kapteni aliona tai akadhani ameona mtu. Akapiga saluti. Akanyoosha mikono miwili, akanikabidhi lipenga la besi, kibuyu chenye urefu wa mkono mzima wa mtu mzima, mali ya mzee mmoja aliyesimama nyuma yake akikisindikiza kwa macho.

Nilisimama. Nikajaza kifua. Mtu yeyote akipewa kitu chenye umbo la tarumbeta, chembamba upande huu na kipana upande ule, atapuliza tu. Nikapuliza. Ukatoka upepo na mate. Uwanja ukanyamaza. Nikaona tatizo ni nguvu. Nikavuta pumzi kutoka kisogoni, nikatia mashavu yote mawili, na safari hii ukatoka mlio mmoja mfupi, mkavu, "pwa", ambao kila mtu pale uwanjani aliuelewa isipokuwa mimi. Utando ulikuwa umepasuka.

Hapo ndipo mtoto aliponielekeza.

Lazima niueleze huo utando, maana tangu Jumapili silali vizuri kwa ajili yake. Lipenga halina ulimi wa bati ndani, wala halihitaji ubane midomo kama wanavyofanya wa bendi ya jeshi. Ni kibuyu kilichokaushwa, kikakombwa mbegu, kikakatwa ncha zote mbili; vikubwa huungwa kwa vipande ili vipate urefu na kinywa kipana mbele. Ubavuni, karibu na pale unapoweka mdomo, hutobolewa kitundu kidogo, na juu ya kitundu hicho hubandikwa utando mwembamba kuliko karatasi ya kusokotea sigara. Utando huo unatengenezwa na buibui. Si ule uzi wa kwenye kona unaokunasa usoni alfajiri ukienda kukojoa. Ni kile kiraka cheupe, cha mviringo, kilichobanwa ukutani, ambacho buibui hufunikia mayai yake. Kila nyumba Songea ina viraka hivyo, na kila nyumba ina mtu mwenye fagio refu anayeamini anafanya usafi.

Sasa ukiimba ndani ya kibuyu, uimbe hasa, kwa koo lako, bila maneno, hewa ya ndani inatikisika na kuutikisa utando, nao unaongeza mvumo wake juu ya sauti yako. Mvumo huo ni sauti nyembamba za juu, nyingi kwa pamoja, zile zinazopenya upepo na makelele na kufika mbali. Ndiyo maana mtu ambaye ukikaa naye benchi moja kanisani humsikii, akipewa kibuyu anavuka uwanja mzima. Ukipuliza bila sauti, utando haupati cha kuutikisa. Ukipuliza kwa hasira ya mtu mwenye tai, unaupasua. Vibuyu vidogo hutoa sauti nyembamba, vya kati hujaza katikati, vikubwa hunguruma chini, na safu moja ya watu wenye vibuyu vya ukubwa tofauti ni bendi ya shaba kamili isiyo na hata gramu moja ya shaba. Wachopi wa Msumbiji wanaijua siri hiyo hiyo: marimba zao zina kibuyu chini ya kila ubao, na kila kibuyu kina utando wake wa kuvumia. Ulaya na Marekani kuna kidude cha bati au plastiki kinachofanya kazi vilevile, wanakiita kazoo, wanawanunulia watoto na watu wazima wanakidharau. Hawajakisikia kikiwa kikosi kizima, jioni, kwenye vumbi, na ngoma kubwa nyuma yake.

Kinachoniuma ni kwamba chombo hiki kimetengenezwa kwa ajili ya watu kama mimi. Kwaya moja iliwahi kuniomba, kwa upole wa Kikristo, niendelee kuja mazoezini na nivae joho, ila wakati wa kuimba niwe nafungua mdomo tu. Sauti yangu ni ya chini, ina mikwaruzo, haikai mahali pamoja. Ndani ya kibuyu mikwaruzo hiyo ingekuwa utajiri. Nimeishi mji huu wenye vibuyu na buibui wasio na idadi, na hakuna aliyewahi kunitajia.

Mzee wa besi hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alikipokea kibuyu, akakigeuza, akakitazama kitundu kwenye mwanga wa jua, akasema "Haya," akaondoka kuelekea vyoo vya shule. Nikamfuata, kwa sababu kubaki pale mbele ya yule mtoto kulikuwa kugumu zaidi. Alipita ukuta kwa ukuta, pua karibu kugusa plasta. Kiraka cha kwanza alikikataa: "Hiki bado kina watoto." Cha pili kilikuwa kimechakaa, kina matundu. Cha tatu alikipapasa kwa ukucha, akaridhika, akatoa wembe mfuko wa shati na kukibandua polepole, kutoka ukingoni kwenda katikati, bila kupumua, nami sikupumua. Akakipeperusha vumbi. Akakwangua ulimbo kidogo uliokuwa umehifadhiwa ndani ya kizibo cha soda, akaulainisha kwa mate, akazungushia kwenye mdomo wa kitundu, akalaza utando juu yake na kuunyoosha kwa ncha ya kidole cha mwisho, mara moja tu. Halafu akaweka mdomo akaimba. Sauti moja, ya chini, ndefu. Choo cha wavulana chote kikaitikia.

"Huyu anamshinda yule wa kwanza," alisema. Alikuwa anamsifu buibui.

Ngoma yenyewe sikuwa nimepanga kuitazama. Nilikwenda kwa sababu mtani alikuwa na njaa na jirani na uwanja kuna mama anayeuza mbasa wa kukaanga. Tena, kama wewe ni mkazi wa Songea, mganda umeshauona; sote tumeshauona. Wanatoka watu weupe kwa mavazi, wanakanyaga kanyaga, gari linafika, wanaambiwa asante. Mpaka Jumapili ile nilikuwa na uhakika kwamba huo ndio mganda.

Wanaingia bila haraka. Kabla lipenga lolote halijasikika, ngoma kubwa inapigwa pigo moja, inaachwa, inapigwa tena. Kaptula nyeupe zimepigwa pasi mpaka mkunjo unakata, mashati meupe, tai, soksi ndefu za kufika chini ya goti, kalamu zimejipanga mfukoni, na wenye vyeo wamevaa miwani myeusi. Mguu unanyanyuliwa, unakaa hewani, unafikiri, unashuka. Mwili umeinama kidogo, kichwa kimelala pembeni, mkononi mgwisho. Dakika za mwanzo unaona hakuna kinachotokea. Kisha mpiga ngoma anagonga ubao wa ngoma mara mbili badala ya ngozi, na safu nzima inavunja goti kwa pamoja, inageuka, inakwenda upande ambao hukuutazamia, kisha inarudi kwenye mwendo ule ule wa kufikiri na nyuso zile zile kavu. Wewe uliyekaa unaachwa unacheka peke yako.

Baada ya nyimbo kadhaa tulidhani tumeielewa kazi. Tukisikia ubao, goti linakuja. Watoto wakaanza kuvunja goti pamoja nao, halafu vijana, halafu hata akina mama waliokuwa na mitungi ya uji. Kapteni akajua kwamba tumejua. Wimbo uliofuata ubao uligongwa, pa, pa, nao wakaendelea kutembea. Uwanja mzima ulivunja goti peke yake, mimi na suti yangu tukiwa ndani.

Nitasema wazi: sijawahi kufurahi hivyo hadharani.

Kuna na vyeo vingine. Yuko Sajini anayezunguka akikagua viatu, na akikuta vumbi anafuta kwa tai ya mwenye kiatu. Yuko Nesi, kofia nyeupe na kila kitu, ambaye ni mwanamume mwenye ndevu. Yuko Dokta mwenye kipimo cha kifua kilichotengenezwa kwa tyubu ya baiskeli, huyo alinifuata nilipotoka chooni, akanipima mbele ya watu, akasikiliza kwa muda mrefu, akatangaza: "Mapafu yapo. Sauti ndiyo haipo."

Vyeo hivi havikutungwa juzi. Mganda ni mtoto wa beni, na beni ilizaliwa pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, vijana wa mjini walipoyaona magwaride na bendi za wageni wakaamua nao wawe na wafalme wao, majenerali wao na madaktari wao, na washindane mtaa kwa mtaa. Huku Tanganyika vikundi viwili vikubwa vilikuwa Marini na Arinoti, Marini wakijiona watu wa juu, Arinoti wakiwaonyesha kwamba wa chini ni wengi. Vita Kuu ya Kwanza ikawasomba askari na wapagazi wa pande zote mbili, nao wakaisambaza beni popote walipopita. Ilipofika ukingo wa Ziwa Nyasa ikavua shaba ikavaa vibuyu. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima, kilichotoka 1975, na humo utakuta maofisa wa kikoloni wakiandikiana kwa wasiwasi kuhusu watu hawa wanaopeana vyeo: ni waasi, ni majasusi, au ni wachezaji tu? Wasomi nao bado wanabishana kama ngoma hii ilikuwa inamwiga Mzungu au inamdhihaki. Mimi niliyekaa mbele naweza kusaidia. Mguu ukiwa juu unaiga. Ukishuka unadhihaki.

Na haikosi sababu ya kudhihaki. Mzee wa besi kwao ni Liuli, kule Wajerumani walikokuita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe lake kubwa, na vita vilipofika Liuli vilifika kama kichekesho. Nahodha Berndt wa meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, na nahodha Rhoades wa meli ya Kiingereza, Gwendolen, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Agosti 13, 1914 Rhoades alikuwa ameshapata habari kwamba nchi zao zinapigana. Berndt hakuwa nayo. Meli yake ilikuwa nchi kavu inatengenezwa. Gwendolen ikafyatua mizinga kutoka mbali, mingi ikakosa, hatimaye mmoja ukapata. Berndt akaruka kwenye mashua ndogo, akapiga kasia kwa ghadhabu mpaka kwa rafiki yake kumuuliza kama amelewa. Akaarifiwa kuhusu vita, na akachukuliwa mateka hapo hapo. Jaribu kuwa mvuvi wa Liuli asubuhi hiyo, umetazama yote kutoka ufukweni, halafu uambiwe kwamba hawa ndio watu wenye nidhamu. Ningevaa tai na mimi.

Kikundi cha Bombambili kimefufuka juzi juzi tu. Wazee waliocheza zamani kule ziwani walishahamia mjini, wengine wamezeeka, vibuyu vikageuzwa vya kutekea maji, na kwa muda mrefu mganda wao ulikuwa picha ukutani. Aliyeufufua ni mwalimu mstaafu, huyo ndiye Kapteni, na jeshi lake sasa nusu ni wazee, nusu ni vijana wa bodaboda wanaofanya mazoezi jioni baada ya kupaki pikipiki kwa mstari, mstari ulionyooka kuliko wa stendi yoyote nchini. Vijana waliomba spika na kinanda. Wazee wakakataa. Wakaomba kaptula fupi zaidi. Wazee wakakataa kwa sauti kubwa zaidi. Wakaomba kuongeza hatua mpya, na hapo, kumbe, wazee walikuwa wanasubiri waombwe. Zile hatua bora kabisa za Jumapili, pamoja na ule ubao wa uongo, zilibuniwa na kijana ambaye wiki iliyotangulia alikuwa amenibeba kutoka Lizaboni na kunidai nauli mara mbili.

Sasa nikasirike kidogo.

Kwa nini mtu mzima wa Songea awe hajawahi kuona jambo hili likianza mpaka likaisha? Mji huu haujasahau ngoma. Timu yetu ya mpira, Majimaji, jina lake la utani ni Wanalizombe, limetokana na lizombe ya Wangoni. Marehemu Kapteni John Komba, aliyekuwa kapteni wa kweli wa jeshi kabla ya kuwa kapteni wa jukwaa la kikundi cha muziki cha TOT, alizaliwa na kuzikwa Lituhi, huko huko ziwani. Kwa majina tuko vizuri. Lakini ngoma zenyewe tumezigeuza geti la kumpitishia mgeni rasmi.

Mnaijua ratiba. Wachezaji wanatakiwa wafike saa mbili asubuhi. Wanafika saa mbili, wamevaa. Mgeni rasmi anafika saa sita na nusu. Muda wote huo wamesimama juani kwa sababu mahema ni ya wenye kadi. Gari la kwanza likionekana, mtu mwenye redio ya mkononi anakuja mbio: "Ngoma! Ngoma!" Wanaanza kuingia, mguu unanyanyuliwa, unakaa hewani, na kabla haujashuka mshereheshaji ameshasema "Tunawashukuru sana vijana wetu kwa burudani, naomba sasa tuwapigie makofi wakiondoka." Dakika tatu. Hotuba zinafuata, saa mbili na dakika arobaini, na humo ndani kuna sehemu inayohimiza kuenzi utamaduni wetu. Niliwahi kukaa kwenye hema la shughuli moja ya aina hiyo, sitaitaja, nikapiga makofi wakiondoka. Jioni niliwakuta wachezaji wale barabarani wakitembea kwa miguu kurudi makwao, viatu vimeshikwa mkononi visichakae, kwa sababu soda walipewa na nauli waliambiwa "ipo kwenye mchakato".

Sizungumzii 27 Februari pale Mahenge, tunapowakumbuka mashujaa 67 wa Vita vya Majimaji walionyongwa 1906. Siku hiyo ina uzito wake, na ngoma inajua nafasi yake. Nazungumzia siku nyingine zote, za uzinduzi wa choo na ukaguzi wa kisima.

Mwalimu Nyerere alilisema hili mapema kabisa, kwenye hotuba ya Jamhuri ya 10 Desemba 1962. Alilalamika kwamba wasomi wa wakati ule walijua rumba, chacha na dansi za Wazungu, lakini ni wangapi waliojua gombe sugu au lele mama, na akaunda wizara ya utamaduni kwa ajili hiyo. Nia ilikuwa njema. Kikaja kikundi cha ngoma cha taifa miaka ya 1960, kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, na ngoma za kila kabila zikapandishwa jukwaa moja, kila moja ikapewa dakika zake ili zote zienee. Hapo ndipo tulipopata ugonjwa wa kuonja. Ngoma ambayo uzuri wake ni kukuchosha kwanza, kukufundisha, halafu kukudanganya, ukiikata dakika tatu unabaki na kile kipande cha kukuchosha. Kisha tunasema vijana hawapendi mila. Nani angependa muziki wowote duniani kwa kusikia wapigaji wakikaza nyuzi?

Nimemwambia mtani hayo yote. Akaniuliza kama nayasema au nayapuliza.

Yaliyofuata siku ile nitayataja haraka. Kiti cha plastiki kilipasuka wimbo ulipofika mahali pazuri. Simu ilijaa nikarekodi sekunde nne, zote za kisogo cha mtu. Sajini alifutia kiatu changu kwa tai yangu. Nesi alinitoza faini ya shilingi elfu moja kwa kukohoa, akanipa na chenji, ya karanga.

Niliwafuata walipomaliza, nikamwambia Kapteni nataka kujiunga. Alinitazama kwa heshima ile ile aliyonitazama nayo mwanzo, ila safari hii haikuwa na matumaini. Akasema mwanachama mpya huanza bila kibuyu. Kibuyu hupewa miguu ikishakubali. Vifaa: kaptula nyeupe, shati jeupe, soksi ndefu nyeupe.

Kaptula nilipata kwa fundi, aliyenipima bila kuuliza swali lakini akawaita wenzake waje wanione napimwa. Soksi zimenitesa. Sokoni kwenye mitumba kila soksi ndefu ni ya mpira, na kila ya mpira ina mistari. Nilipata pea moja nyeupe kabisa yenye nembo ya timu ya Uingereza ambayo siishabikii, na ambayo wiki hiyo hiyo ilikuwa imetufunga. Mke wangu aliziona zimeanikwa kambani, akauliza mwenye nazo ni nani, nikasema ni zangu, akasema "Sawa, baba," kwa sauti anayoitumia kwa wagonjwa. Fagio refu nimelificha juu ya kabati. Kwenye ukuta wa stoo nina buibui watatu ninaowafuatilia, na mmoja ana kiraka kizuri sana, ingawa bado kina watoto.

Jana nilihudhuria mazoezi ya kwanza. Nimepangwa safu ya mwisho, kati ya Nesi na kijana wa bodaboda aliyenidai nauli mara mbili, ambaye sasa ni mkubwa wangu kwa cheo. Nembo nimeikunja kwa ndani. Tulitembea tu, hakuna kibuyu, hakuna wimbo, ngoma moja na ubao. Kapteni alitusimamisha mara kadhaa, akapita safu kwa safu, akafika kwangu akainama kutazama. Anasema goti langu la kushoto linawahi. Nimepewa hadi Jumamosi kulifundisha kusubiri; la kulia halina kesi.